Mashine Yetu ya Kupasua Mbao: Kwa Nini Misumeno Hukatika na Mbao Hutoka na Mawimbi

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imeniagiza niseme mbele yenu juu ya mashine yetu ya kupasua mbao. Nimeagizwa hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mashine hiyo ilinunuliwa kwa michango yenu, na faida yake ndiyo itiayo nguvu mfuko wa mazishi na mfuko wa karo za watoto yatima. Ya pili ni kwamba katika mwaka tunaoufunga malalamiko yamekuwa mengi. Wanachama wameleta magogo mazuri, wakarudishiwa mbao nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, au mbao zenye mawimbi kama bati la nyumba. Tena misumeno imekuwa ikikatika mara kwa mara, na kila ukatikapo mmoja fedha hutoka katika mifuko hiyo niliyoitaja.

Mnakumbuka kwamba shauri hili lilipoletwa kikaoni palitolewa mapendekezo matatu. Wengine walisema fundi afukuzwe, maana ana haraka na hajali mali ya watu. Wengine walisema mashine iuzwe. Wengine walisema tuagize misumeno ya bei kubwa kwa muuzaji mwingine. Hapana shaka kila aliyesema alisema kwa nia njema. Lakini hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa amekishika mkononi kipande cha msumeno uliokatika akakitazama. Kwa hiyo Halmashauri ilikata shauri kwamba, kabla ya kumhukumu mtu au chuma, ushahidi utazamwe kwanza. Walichaguliwa watu watatu: mzee mmoja seremala, fundi mwenyewe wa mashine, na mimi niwe mwandishi wao. Nitakayoyasema ndiyo tuliyoyaona, pamoja na yale ambayo mafundi wa kazi hii wanayajua kwa muda mrefu.

MASHINE NA MSUMENO WAKE

Ili tufahamiane vizuri, nikisema "mashine" nina maana ya mtambo mzima: reli zake mbili, kitanda cha kulazia gogo, injini, na kichwa kinachobeba magurudumu. Nikisema "msumeno" nina maana ya ule utepe wa chuma wenye meno upande mmoja, ulioungwa ncha kwa ncha ukawa duara, na kuzunguka juu ya magurudumu mawili. Wetu una urefu wa kiasi cha mita 4, upana wa milimita 32, na unene wa milimita 1 na kidogo tu. Toka ncha ya jino moja hata ncha ya jino la pili ni milimita 22. Gogo hulala kitandani bila kusogea, na kichwa cha mashine ndicho kisukumwacho juu ya reli kulipasua.

Wembamba huo ndio faida yetu, na ndio udhaifu wetu pia. Msumeno wa mnyororo, ambao wengi wetu waliutumia kupasulia mbao mashambani, hula kiasi cha milimita 8 za mti kila upitapo. Huu wetu hula milimita 2 hivi. Gogo likipasuliwa mara 10, tofauti yake ni milimita 60, yaani mbao mbili za unene wa inchi moja na masalio kidogo. Mbao mbili hizo zamani zilikuwa zikimwagika chini kama unga. Leo mwenye gogo huzipeleka nyumbani kwake. Lakini chuma chembamba hakina nguvu nyingi za kujitetea. Kikikosewa kidogo katika kunolewa, au kukazwa, au kuongozwa, hupotoka njia.

Tena chuma hicho huchoka. Meno yake hukimbia kiasi cha mita 25 kwa sekunde moja. Kwa kuwa urefu wa msumeno ni mita 4, huzunguka kama mara 6 kila sekunde, na katika kila mzunguko hupindwa mara mbili juu ya magurudumu na kunyoshwa mara mbili. Basi kwa saa moja hupindwa zaidi ya mara 43,000. Mtu akitaka kuukata waya bila koleo, huupinda huku na huku hata ukatike. Kwa hiyo si ajabu kwamba msumeno hukatika mwisho wa maisha yake. Neno la kuuliza ni kwa nini umekatika kabla ya siku zake.

Na shida hii haikuanza kwetu. Mwingereza William Newberry alipata hataza ya msumeno wa namna hii mwanzoni mwa karne ya 19, lakini kwa miaka mingi haukuleta faida kubwa, kwa sababu misumeno ya wakati ule ilikuwa ikikatika, hasa penye kiungo. Mwaka 1846 huko Ufaransa, mwanamke aliyeitwa Anne Paulin Crepin alipata hataza ya njia iliyo bora zaidi ya kuunga ncha mbili za chuma hicho, na kazi ikaanza kwenda mbele. Waliofanikiwa walikuwa wale waliochunguza mahali chuma kilipoachia.

JARIBIO LINALOTANGULIA MENGINE

Mbao zikitoka na mawimbi, kosa laweza kuwa mahali pane: katika msumeno, katika mashine, katika gogo, au katika mkono unaosukuma. Tabia mbaya kuliko zote ni kubadili mambo mengi kwa pamoja. Asubuhi moja mtu huongeza mkazo, akazidisha maji, akapunguza mwendo, na kuligeuza gogo. Ubao unaofuata ukitoka sawa, hajui ni dawa ipi iliyoponya. Na kesho shida ikirudi, huanza tena gizani.

Sisi tulijiwekea sheria ya kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Na jambo la kwanza ni hili: uondoe msumeno uliomo, utie mwingine mpya au unaojulikana kuwa mkali, kisha upasue gogo lile lile kwa mwendo ule ule. Mawimbi yakitoweka, kosa limo katika msumeno ulioondolewa. Mawimbi yakibaki, basi msumeno ule hauna hatia, na yafaa kutafuta mahali pengine. Jaribio hili halichukui muda mrefu, lakini hugawa shauri lote katika sehemu mbili. Wahenga walisema kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Nasi tulikuwa tukimsingizia fundi, na muuzaji, na chuma, bila kufanya jaribio hili jepesi.

KOSA LIKIWA KATIKA MSUMENO

Kosa la kawaida kabisa ni ubutu. Msumeno mkali hupita katikati ya fundo la mti bila kulijali. Msumeno butu ufikapo kwenye fundo hupanda au hushuka, kwa kuwa unatafuta njia iliyo laini. Kwa hiyo ubao wenye wimbi penye kila fundo, na ulionyoka mahali pengine, mara nyingi unashuhudia ubutu. Mafundi wengi huondoa msumeno baada ya kiasi cha saa 2 za kukata, na mapema zaidi mti ukiwa mgumu au wenye mchanga. Kuendelea na msumeno butu ili kumaliza gogo moja zaidi si akiba. Injini hulazimika kusukuma kwa nguvu, chuma hupata moto, na nyufa ndogo huanza katika mabonde yaliyo baina ya meno. Msumeno huo hata ukinolewa baadaye hautaishi siku nyingi.

La pili ni mpindo wa meno. Wazee maseremala wanajua kwamba meno ya msumeno wa mkono hayakai katika mstari mmoja. Ndivyo ilivyo hapa: jino moja hupindwa kushoto, la pili kulia, na la tatu huachwa wima, kisha mpango huo hurudiwa mpaka mwisho. Mpindo wenyewe ni kiasi cha nusu milimita, au zaidi kidogo, kila upande. Kazi yake ni kuifanya njia iwe pana kuliko mgongo wa msumeno, ili chuma kisisugue mti. Mpindo ukiwa mdogo mno, unga wa mbao hauna pa kutokea. Hushindiliwa juu ya ubao ukiwa moto, na msumeno huanza kuyumba. Mpindo ukiwa mkubwa mno, ubao hutoka na mikwaruzo ya meno, na unga mwingi huachwa ukiwa umelegea juu yake. Na mpindo ukiwa mkubwa upande mmoja kuliko wa pili, msumeno huvutwa kuelekea upande huo, sawasawa na ng'ombe wawili wa plau ambao mmoja ana nguvu kumshinda mwenzake. Kila msumeno unolewapo jino hufupika na mpindo hupungua; kwa hiyo yapasa upimwe kwa kipimo chake kila baada ya kunoa, wala usikisiwe kwa macho.

La tatu ni kunoa kwenyewe. Jiwe la kunolea likikandamizwa sana, ncha ya jino hugeuka rangi ya buluu. Rangi hiyo ni dalili kwamba chuma kimeungua, na jino lililoungua huharibika upesi. Yafaa jiwe lipite kwa wepesi mara mbili au tatu, wala lisipite mara moja kwa nguvu. Tena lisinoe ncha peke yake, bali lifuate umbo lote: uso wa jino, bonde lake, na mgongo wa jino linalofuata. Bonde likinolewa vizuri, nyufa changa zilizoanza huondolewa kabla hazijakua. Bonde likiachwa na kona kali, ufa huanzia papo hapo.

La nne ni utomvu. Miti kama paini ina utomvu mwingi, nao hugandamana na chuma. Msumeno wenye utomvu husugua, hupata moto, hurefuka kwa ajili ya moto huo, na kwa kurefuka hupoteza mkazo wake. Ndipo mawimbi yanapoanza. Dawa yake ni maji yanayodondoka pole pole juu ya msumeno, yaliyotiwa sabuni kidogo. Mahali pa maji ya kudondoka hapahitaji maji ya kumwagika. Msumeno ukitoka katika gogo ukiwa safi, maji yanatosha.

KOSA LIKIWA KATIKA MASHINE

Hapa sasa tumefika kwenye habari iliyotuhusu sisi. Tulipofanya lile jaribio la kwanza kwa msumeno mpya kabisa, mawimbi yalipungua lakini hayakwisha. Basi tulijua kwamba shida zetu zilikuwa mbili, na mojawapo haikuwa ya msumeno.

Tukavikusanya vipande vya misumeno iliyokatika, ambavyo fundi alikuwa amevitundika ukutani bandani. Tulivitazama kimoja kimoja mchana, penye mwanga. Msumeno uliochoka kwa kutumiwa sana ukiwa butu, au uliokazwa kupita kiasi, kwa kawaida huanza kupasuka katika bonde la meno. Lakini vingi katika vipande vile vilikuwa vimepasuka kutoka upande wa nyuma, usio na meno. Na huko nyuma chuma kilikuwa king'aavu kama kioo, chenye kijimdomo kidogo kilichofurika pande mbili. Mzee wetu seremala alipokipapasa kwa kidole alisema, "Chuma hiki kimesuguliwa." Na kweli ilikuwa hivyo.

Msumeno, kabla ya kuingia katika gogo na baada ya kutoka, hupita juu ya magurudumu madogo mawili ya kuongozea. Kila gurudumu dogo lina ukingo upande wa nyuma ili kuuzuia msumeno usirudi nyuma sana unapokata. Mashine ikizunguka bila kukata, yapasa pawe na nafasi ya kiasi cha milimita 3 baina ya mgongo wa msumeno na ukingo ule. Katika mashine yetu gurudumu la upande wa nje halikuwa na nafasi hata ya unene wa ukucha. Msumeno ulikuwa ukisuguana na ukingo kutwa nzima. Chuma kikisuguliwa hivyo hupata moto, kikawa kigumu na chepesi kuvunjika, na ufa hutokea mgongoni. Tena beringi ya gurudumu lile ilikuwa imechakaa, likawa linachezacheza. Gurudumu linalocheza haliwezi kuushika msumeno katika mstari mmoja, na hiyo ndiyo sababu ya mawimbi yaliyobaki hata kwa msumeno mpya.

Wanachama wenzangu, yanipasa niseme jambo hili waziwazi, kwa kuwa linahusu heshima ya mtu. Fundi wetu alikuwa amekwisha kuomba beringi mpya. Ombi lake limo katika kumbukumbu za Halmashauri, na liliahirishwa kwa kuwa fedha zilikuwa zimetengwa kwa mambo mengine. Beringi ile ni kitu cha bei ndogo. Misumeno iliyokatika kwa ajili yake ilikuwa ya bei kubwa kuliko beringi hiyo mara nyingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tuliujenga ukuta huo kwa fedha za yatima, kisha tukataka kumfukuza aliyetuonyesha ufa.

Baada ya beringi kutiwa na nafasi kupimwa, tuliyakagua mambo mengine ya mashine, nami nayataja ili yaandikwe katika kitabu hiki. Mkazo utazamwe katika kipimo chake asubuhi, na utazamwe tena kazi ikiendelea, maana msumeno ukipata moto hulegea. Jioni mkazo ufunguliwe. Msumeno ulioachwa umekazwa hali ukiwa moto hunywea upoapo, ukajivuta wenyewe na kuyavuta magurudumu. Mikanda ya mpira iliyovikwa juu ya magurudumu makubwa ikichakaa, msumeno hugusa chuma kwa chuma, na hiyo ni njia nyingine ya kuuvunja. Kimo cha msumeno toka kitandani kipimwe karibu na magurudumu yote mawili ya kuongozea, nacho kiwe sawa. Kikitofautiana, kila ubao utakuwa mnene upande mmoja. Na mkono unaobeba gurudumu la nje usogezwe karibu na gogo kadiri gogo linavyoruhusu, kwa kuwa msumeno ulioachwa wazi mwendo mrefu huyumba kama kamba ya nguo.

KOSA LIKIWA KATIKA GOGO

Sasa nageukia upande wetu sisi tunaoleta magogo. Mwezi wa Februari mwaka 2018 Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na kwa miaka iliyofuata mbao nyingi za nchi hii zilitoka katika mashamba ya watu. Nasi tangu hapo tumezoea kupasua miti ya mashambani kwetu: saipresi, mkaratusi na mgrivea. Miti ya shamba ni miti iliyoishi na watu. Wengine waliifunga waya wa seng'enge mpakani wakaipigilia misumari. Wengine waliwafungia mbuzi. Wengine walibandika matangazo ya mikutano. Mti ukikua huumeza msumari ule, na gome likafunika kana kwamba hapakuwa na kitu.

Meno ya msumeno yakigonga msumari mmoja, ukali wa msumeno wote huisha kwa nukta moja, na meno ya upande mmoja yakiumia kuliko ya upande wa pili, msumeno hupotoka. Hii ndiyo iliyokuwa shida yetu ya pili. Daftari la fundi lilionyesha kwamba misumeno mingi iliyoondolewa mapema iliondolewa siku za kupasua miti ya mipakani.

Dalili ya msumari yaweza kuonekana. Chuma kikikutana na maji ya mti huacha doa jeusi lenye ubuluu, ambalo mara nyingi huonekana kwenye kichwa cha gogo. Penye doa hilo pana chuma karibu. Tena waya na misumari hukaa sana sehemu ya chini ya shina, pale mkono wa mtu unapofika. Kwa hiyo mwenye mti na aseme kweli kabla gogo halijapandishwa kitandani. Hakuna aibu kusema, "Mti huu ulishika ua wangu miaka 20." Aibu ni kunyamaza, kisha kuulaumu msumeno.

Kadhalika matope na mawe. Gogo likiburutwa ardhini, gome hujaa mchanga, na mchanga huyala meno kama tupa. Mwenye gogo na alibambue, au alisafishe kwa ufagio wa chuma, walau katika mstari ambao msumeno utaingilia.

Jambo la mwisho la gogo ni mvutano ulio ndani ya mkaratusi. Mti huu unapokua, nyuzi zake za nje hukaa zikiwa zimevutwa, na zile za ndani zikiwa zimebanwa. Msumeno ukiondoa upande mmoja, mvutano huo hufunguka, na gogo lenyewe hupinda pale pale kitandani. Ubao unaofuata hutoka mnene mahali pamoja na mwembamba mahali pengine, ingawa msumeno umekwenda katika mstari ulionyoka. Mtu atajuaje tofauti? Mawimbi ya msumeno hupanda na kushuka mara nyingi katika ubao mmoja. Kosa la mvutano huenda pole pole toka ncha hata katikati. Dawa yake ni kupasua upande mmoja, kisha kuligeuza gogo na kupasua upande unaoelekeana nao, na kuendelea kwa zamu, ili mvutano ufunguke sawasawa pande zote. Kazi hii huchukua muda mrefu zaidi, na mwenye gogo asimkaripie fundi kwa ajili hiyo.

MKONO UNAOSUKUMA

Wengi hudhani kwamba kosa la msukumaji ni haraka peke yake. Ni kweli kwamba haraka huleta mawimbi, maana mabonde ya meno hujaa unga kabla ya kutoka nje ya gogo. Lakini kusukuma pole pole mno nako ni kosa. Jino lisilopewa mti wa kutosha kula husugua badala ya kukata, na kusugua huleta ubutu. Mpasuaji mwenye akili hutazama unga wake: ukiwa chembechembe zinazoonekana, kazi ni njema, ukiwa laini kama unga wa ngano, ama msumeno ni butu ama mwendo ni mdogo mno.

USALAMA WA WATU

Mashine na iharibike, lakini mtu asiharibike. Mtu asiguse msumeno kabla injini haijazimwa na ufunguo kuondolewa. Miwani na glavu zivaliwe wakati wa kubadilisha misumeno, maana msumeno uliokunjwa hufunguka kwa ghafula kama mtego. Asisimame mtu katika mstari wa msumeno ukizunguka, kwa kuwa ukikatika waweza kuruka nje. Na watoto wanaokuja kuokota unga wa mbao na wangoje mpaka injini inyamaze.

MAOMBI KWA MKUTANO HUU

Bwana Mwenyekiti, kwa niaba ya wenzangu wawili naleta maombi manne.

La kwanza, fundi wetu aendelee na kazi yake, na kumbukumbu za mwaka huu zionyeshe kwamba lawama aliyotupiwa haikuthibitika.

La pili, kila msumeno upewe namba, na daftari liandikwe kila siku: namba ya msumeno, aina ya mti, shamba ulikotoka, saa ulizofanya kazi, mara ngapi umenolewa, na sababu ya kuuondoa. Ukikatika, iandikwe ufa ulianzia wapi: katika bonde, mgongoni, au kwenye kiungo. Hayo ni maneno machache, lakini ndiyo yatakayotuonyesha ugonjwa kabla haujawa gharama.

La tatu, fedha kidogo zitengwe kila mwezi kwa beringi, mikanda ya mpira na mawe ya kunolea, wala zisitumiwe kwa jambo lingine lolote bila idhini ya Halmashauri.

La nne, kila mwanachama aletaye gogo aeleze mti wake ulisimama wapi na ulifungwa nini. Akificha, na msumeno ukaharibika kwa msumari wake, basi alipe gharama ya kuunoa. Na meno yakiwa yameng'oka, alipe msumeno.

Najua ombi hili la nne halitawapendeza wote. Lakini mashine hii hupasua mbao za majeneza ya wafu wetu, za madawati ya watoto wetu, na za mapaa ya wajane ambao Chama kimewajengea. Senti inayopotea katika msumari mmoja uliofichwa haipotei kwangu wala kwa fundi. Inapotea kwa mama fulani anayengoja zamu yake. Nawaomba Wazee wetu walitazame jambo hili kwa jicho hilo, kisha wakate shauri.

Vipande vya misumeno niliyoitaja viko juu ya meza pale mlangoni. Kila apitaye na akishike kimoja kwa uangalifu, atazame mgongo wake, na ajionee mwenyewe.